Kiganja cha Keziah

Portland, Jumapili baada ya ibada

Mpenzi wangu Lenworth,

Natumaini baridi ya huko Kanada haikutesi sana mashambani. Hapa mvua haikatiki, ukungu umelala mlimani hadi saa nne, na shelisheli zimezaa mpaka tunagawia majirani. Kila asubuhi namlaza Keziah kifudifudi mkekani, najificha uso kwa kitambaa kisha naibuka, naye hucheka mpaka kwikwi.

Lakini nikitikisa chupa ya maharage nyuma yake, hageuki. Mama yako alisema, "Mwache, ana maringo kama babake!" Nesi alimpima akasema mtoto hasikii. Ndiyo maana kila ukipiga simu nakwambia amelala. Nisamehe, nilikosa ujasiri.

Nesi akanifundisha mchezo mwingine. Jana nilimpakata, nikaweka kiganja chake kooni mwangu, nikaimba polepole. Alitulia, macho kama yuko ndotoni. Niliponyamaza, alinipigapiga koo akitaka tena. Mama yako akafuta machozi. "Nipishe," akasema, "na mimi nimwimbie mjukuu wangu."

Sauti zetu ni nyembamba, Lenworth. Rudi na hiyo yako nzito, itamjaa kiganja chote.

Akupendaye,
Delrose