Magunia ya Baba Mkwe

Ijumbi, Muleba

Mjukuu wangu Kemilembe,

Huku hatujambo. Goti la bibi yako limepona, ameshaingia kwenye migomba yake.

Unauliza kama umekosea kulizuia pale mizani lori lenye tela mbili, kwa kuwa uzito wa jumla unaruhusiwa na ni ekseli moja tu ya magurudumu iliyozidi. Hujakosea.

Nilipokuwa dereva kijana nilibeba kahawa ya ukoo wa bibi yako kwenda Bukoba. Kila mtu alitaka magunia yake yakae nyuma ili yashushwe kwanza, basi tukayarundika huko, mbele pakabaki wazi. Jumla haikuzidi. Lakini tulipoanza kupanda mlima, nageuza usukani, lori haligeuki. Magurudumu ya mbele hayakuwa na uzito.

Nikasimamisha lori, mzigo ukapangwa upya. Magunia ya baba mkwe, niliyesafiri naye, nikayapeleka mbele kabisa, yashushwe mwisho.

"Unanidharau?" akaniuliza.

"Hapana, tata. Nataka ufike."

Alinuna njia nzima, lakini alifika Bukoba, amekaa kando yangu.

Dereva wako naye apange upya mzigo wake. Akinuna, mwache anune akiwa mzima.

Babu yako anayekuombea