Mwaliko wa Nishani

2 Machi

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Habari za huko, na za wagonjwa wako wodini? Mimi mzima, ila goti linanisumbua kama kawaida.

Tume inayochunguza watu waliopotea imeniita tarehe 30. Nitakwenda. Nilikuwa mkuu wa usalama miaka kumi na minne, na bado watu husimama kwa heshima nikiingia benki. Lakini juzi walinzi wangu wameondolewa, na kinyozi wangu, ambaye mdomo wake haupumziki, amenikata nywele bila kusema neno. Naogopa, mwanangu. Hata hivyo nitamtaja aliyetoa amri pamoja nami: msaidizi wangu wa zamani, anayekalia kiti changu leo.

Usinipigie simu. Simu za nchi hii mimi ndiye niliyezitegea masikio.

Ni mimi baba yako

10 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi sijambo, ila usingizi umenipotea tangu nisome barua yako. Achana na tume hiyo. Sema umesahau, wazee wote husahau. Sitaki shujaa, nataka baba.

Kuna habari njema lakini. Ofisi yako ya zamani imenitumia tiketi ya ndege. Tarehe 28 utavishwa nishani, na wanataka familia ikae mbele. Huyo msaidizi wako ameniandikia kwa mkono wake mwenyewe. Labda yamekwisha? Nimeshaomba likizo.

Mwanao

17 Machi

Mwanangu,

Salamu baadaye. Usije.

Hakuna aliyeniambia habari za nishani. Enzi zangu, mtu tuliyetaka anyamaze hatukumgusa. Tulimwalika mwanawe: tiketi, gari uwanja wa ndege, barua ya heshima iliyoandikwa kwa mkono. Mtoto akishafika, mzazi alikuja mwenyewe ofisini kuuliza asaini wapi. Utaratibu huo niliubuni mimi, na nilijivunia kwamba haumwagi damu. Msaidizi wangu nilimfundisha mimi.

Samahani kwa mwandiko, naandika kwa haraka. Simu imekatwa tangu asubuhi. Barua hii anaipeleka posta jirani yangu fundi cherehani, kaificha ndani ya suruali ya mteja. Chana tiketi.

Baba

20 Machi

Baba,

Shikamoo. Goti limetulia? Sijapata jibu lako, posta nao! Nasafiri tarehe 25. Nimekununulia shati jeupe la siku hiyo, litakutosha, labda uwe umenenepa bila kuniambia. Wamesema gari litanisubiri uwanjani, nisihangaike na teksi. Nina hofu kidogo, sijui ya nini. Nikikuona itakwisha.

Mwanao

27 Machi

Binti yangu,

Salamu. Sijui wamekuweka chumba gani, ila nimeambiwa umekula. Karatasi hii amenipa msaidizi wangu, hapa katika ofisi yangu ya zamani, tena ananiita mzee kwa adabu zote. Barua yangu ya tarehe 17 iko mezani kwake, imefunguliwa. Fundi cherehani hajafungua duka siku kumi.

Kesho asubuhi utapelekwa kwenye ndege. Wewe panda, usiulize, usinitafute. Ukifika kwako utasikia redioni kwamba nimekiri: watu wale wote niliwapoteza mimi peke yangu. Wenzako wodini watakuuliza kama ni kweli. Usinitetee. Amri nilizitoa, mwanangu, kwa sauti hii hii niliyokuwa nakuamshia uende shule. Uongo ni hapo tu niliposema "peke yangu". Nimeusaini ili urudi kazini kwako.

Baba yako