Duka la Udi na Bonde Letu

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, na joto la Maskati nimeshalizoea. Goti lako je? Na Dada Asha kashajifungua? Barua hii anakuletea Hamadi wa Wete, maana simu yako inasikilizwa na nyumba nzima, na haya nataka uyajue wewe kwanza.

Tangu uliponieleza kwamba bahari imevunja tuta tena, na mpunga umekaukia bondeni kwa chumvi, sina raha. Najua ulinikataza: "Usiende ukatuombee kwa watu, tutakuja kusimangwa." Sikuomba, Mama. Niliulizwa.

Bi Zuwena, huyu mwenye duka la udi ninamouza, alitoka Micheweni mtoto mdogo, lakini akifungua mdomo ni Mpemba mtupu. Aliniona nimenuna. "Una n'ni weye leo? N'ambie." Nikamwambia. Akauliza bonde gani. Hapo ulimi ukaniwia mzito, kwa kuwa uliniusia nisilitaje mbele yake: lilikuwa la baba yake. Niliogopa atasema ni lake. Nikalitaja hivyo hivyo.

Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Baba alikuwa nalo, hakulilima. Walolilima ni wazee wenu. Sie tulikula tu."

Wallahi, Mama, ndivyo alivyosema.

Ijumaa aliita wanawe na shehe, akaliweka duka wakfu. Faida yake kila mwaka iende kwenye mabonde ya kwetu yaliyoingiwa na bahari: kujenga matuta, kununua mbegu, na ambaye bonde lake halirudi tena apate pa kuanzia. Duka haliuzwi, halirithiwi, wala yeye mwenyewe hawezi kulirudisha. Kwa hiyo hayupo wa kutusimanga. Mwanawe aliyesoma anasema nchi kubwa zilizochafua hewa zinakaa mikutano kubishana nani alipe hasara kama zetu. Mama yake kamaliza kwa kikao kimoja cha kahawa!

Sasa nikipima udi wa harusi ya watu wasioijua hata Pemba iko wapi, nahesabu: hili tuta, hii mbegu. Subhanallah, miaka yote nauza udi, sikujua kama unaweza kuzuia bahari.

Nisalimie Dada Asha, na Mjomba Faki, na jirani yetu Bi Mize; mwambie kanga zake anazo Hamadi, asikubali kuambiwa zimesahaulika.

Limebaki moja. Bi Zuwena hakuweka sharti, ila ameomba, tena kwa kuona haya: mkivuna mara ya kwanza, msimame bondeni mumsomee baba yake fatiha, kwa jina lake. Mama, najua ni huyo aliyemlimisha babu bonde lile mpaka mgongo ukapinda. Nimemwambia jibu si langu, ni lako. Hajanihimiza. Ila bahasha ya barua hii kanipa yeye, naona anangoja jibu.

Akupendaye daima,
mwanao Salim