Maziwa ya Jumapili

Shemeji Sefu,

Arobaini yako imepita. Dada yangu Mwamini amemaliza kukulilia mbele za watu, sasa analia jikoni. Wanao wanalala kwangu hapa Kasongo, na mdogo bado anakimbilia mlangoni kila akisikia lori. Watu wananiambia nikuache upumzike. Siwezi. Nina hasira, na sina mwingine wa kumwambia.

Nilikwenda huko kwenu Jumamosi kwa ajili ya arobaini yako, kwa lori lile lile la maziwa la mzungu wako. Dereva alinikalisha mbele, mikebe mitupu ikigongana nyuma njia nzima. Tulipopita Lusangi nilikumbuka siku uliyonichukua mara ya kwanza kuona ng'ombe. Ulimaliza muhogo wangu wote, ukasema kazi ya shemeji ni kulisha. Kisha ng'ombe mmoja akageuza kichwa tu, nami nikapanda juu ya uzio wa zizi.

"Shuka, shemeji," uliniambia. "Ngombe haikuli mutu wa Kasongo. Nyama yenu iko na uchungu."

Nilikasirika siku ile. Leo ningekupa muhogo wa mwaka mzima unitanie tena.

Karibu na Kabambare dereva akanieleza yote, macho yake barabarani. Kumbe Jumapili ile tumbo lilipokukamata, wenzako walikubeba mpaka kwenye lori, maana hospitali iko Kasongo. Kapita, mnyapara wenu, akakataa. Alisema mgonjwa hapandi pamoja na maziwa, wazungu wa mjini watasikia harufu. Lori likaondoka. Maziwa yalifika mazima, na wewe ukafa kabla lori halijarudi. Wewe uliyekamua miaka yote ile bila kuruhusiwa kuonja hata tone! Yeye dereva alikuona umelala pale chini, na aliondoka. Alilia akiniambia, nami sikumbembeleza.

Jumapili asubuhi tulikusomea dua kaburini. Halafu mikebe ikaanza kupakiwa.

Unajua wajibu wangu. Kwetu shemeji ni mtani. Siku ya mazishi anajilaza kaburini, hainuki mpaka wafiwa wamkomboe kwa kuku au pesa, na watu wanacheka na machozi machoni. Lakini habari ilinifikia umeshafukiwa. Basi nikajilaza mbele ya magurudumu ya lori. Wanawake wa kambi ya wakamuaji walielewa mara moja, wakaanza kucheka na kupiga vigelegele. Dereva akazima mota.

"Munikomboe," nikasema. "Sitaki kuku. Kapita aseme mbele ya watu nani alimuacha Sefu hapa."

Kapita ni mtoto wa Kabambare. Utani wetu anaujua kama sisi, amezika ndugu zake vilevile. Aliniangalia, akafungua mdomo, na mimi mjinga nikadhani atasema. Ndipo mzungu akatoka barazani akauliza kuna nini.

"Iko mulevi tu, Bwana," Kapita akajibu.

Wakaniburuta, nikapigwa fimbo palepale mbele ya zizi, wanawake wakitazama chini. Maziwa yaliondoka kwa wakati wake. Mimi nilirudi Kasongo kwa miguu, mgongo ukiniuma, na fimbo haikunichoma kama neno lile moja. Mzungu sikumtegemea. Kapita nilimtegemea.

Mwamini, aliyebaki hapa kwa ajili ya eda, ameniuliza kama nilikukalia matanga vizuri. Nimemwambia ndiyo. Mgongo wangu hajauona.

Wanao nitawalea, Sefu. Maadamu mjomba wao ni mzima, hakuna atakayekamua ng'ombe wa mtu. Na kila arobaini nitakayoalikwa nitaeleza ulivyoachwa, kwa jina la aliyekuacha, mpaka Kapita aone haya kuingia kwenye msiba wowote kati ya Kabambare na Nyangwe.

Kwaheri, shemeji. Wewe umezikwa, umesomewa, umemaliza. Lakini mtani asiyekombolewa hainuki. Wananiona natembea hapa mjini, wananisalimia, naitikia. Sijainuka.

Shemeji yako