Alama ya Manjano Kabatini

Jumatatu, 14 Julai 2003

Kompyuta imewaka! Imewaka, imewaka, imewaka! Dakika ishirini na tano nzima, nimezihesabu kwa saa ya ukutani. Nimechapa majina thelathini na moja mfululizo. Halafu — pu! — kioo cheusi. Majina kumi na mawili ya mwisho yamepotea kwa sababu sikuyahifadhi. Mjinga ni mimi. Lakini dakika ishirini na tano!

Daftari hili nimeliokota leo chini ya benchi. Nusu ya kwanza ni hesabu za mwanafunzi fulani, nyingi amekosa. Nusu ya pili ni yangu. Basi niandike, maana nisipoandika nitapasuka.

Tuko ofisi ya majina, hapa Bunia, nyuma ya parokia. Watu wanakuja kutuambia wamepotezana na nani tangu vita vya Mei, tunawajazia karatasi. Zimefika mia saba na kitu. Mimi nazichapa. Ijumaa tarehe 25 orodha itapanda ndege ya Beni, ikabandikwe huko na Oicha na Eringeti, kwa wale waliokimbilia kusini. Ndege nyingine itakuja lini baada ya hiyo? Hakuna anayejua.

Na moja ya karatasi hizo ni yangu. UWONDA Fifi, miaka kumi na sita, sketi ya bluu, alionekana mara ya mwisho tarehe 12 Mei kwenye barabara ya Irumu. Anatafutwa na dada yake Angèle, ambaye yuko hai. Neno «hai» nimelipigia mstari mara mbili. Mdogo wangu ni mtu wa kuamini mabaya haraka.

Jumanne, 15 Julai

Rodrigue amekuja kuiangalia. Huyu ndiye mtu wa phonie, ile redio ya kuongea na miji ya mbali, chumba cha pili. Kompyuta anaijua kidogo, anajisifu sana. Bisibisi yake hukaa nyuma ya sikio. (Masikio mazuri. Hilo sijaliandika.)

Mgonjwa wetu amelazwa kabatini. Kweli! Mwezi wa Mei, kabla waporaji hawajaingia, Mama Emérance, mkuu wetu, aliiviringisha kompyuta kwa kitenge, akaisukuma ndani ya kabati la nguo za misa na kurundika makanzu juu yake. Walichukua viti, mapazia, hata kitasa cha mlango! Kabati walilifungua, wakaona makanzu, wakaenda zao. Tangu siku hiyo haijatoka humo. Waya zinapita kwenye tundu la nyuma, kioo na vibonye tu ndivyo vinavyokaa mezani. Tumeshazoea. Mgeni akiingia anamwona msichana anachapa mbele ya kabati lililofungwa, ananihurumia.

Rodrigue alifungua orodha ya vifaa, ile ya Windows inayoonyesha kila kiungo cha mashine. Vyote vizuri, ila kimoja kina alama ya kuuliza ya manjano: «Contrôleur de bus SM».

— Ugonjwa iko hapa! akapiga meza.

Akanieleza. Ndani kuna ubao mkubwa, carte mère, kila kitu kimechomekwa humo. Kwenye ubao huo kuna njia nyembamba inayopitisha habari ndogondogo: joto kiasi gani, feni inazunguka vipi, umeme unatosha au la. Na Windows yetu haijui kuongea na msimamizi wa hiyo njia. Inahitaji pilote, kiprogramu cha kuifundisha.

— Na hiyo pilote iko wapi? akauliza Mama Emérance.

— Mu CD ya masini, Mama.

CD! CD walienda nayo waporaji. Juzi nimeiona imefungwa nyuma ya baiskeli ya mtu, inang'aa kama taa, imekwaruzika yote. Nimecheka mpaka mbavu zimeuma.

Jumatano, 16 Julai

Leo karibu tufungwe kwa ajili ya namba!

Binamu ya Rodrigue, Gauthier, yuko Aru. Akivuka mpaka hadi Arua kuna duka la mtandao, anaweza kuitafuta pilote na kuitia kwenye disketi. Ila lazima ajue namba iliyoandikwa kwenye ubao. Asubuhi kabla ya kuwasha, Mama Emérance alikifungua kitenge polepole, kama anayembadilisha mtoto nepi, mimi nikamulika tochi, nikasoma. Halafu Rodrigue kwenye phonie, akiita namba moja moja kwa Kifaransa, kwa sauti ya kuamsha mji:

— Huit, deux, huit, zéro, un! B kama Bunia, A kama Aru! Nakurudilia: huit, deux, huit…

Ikaingia sauti nyingine. Nzito. Hatuijui.

— Weye uko nani? Unapitisha code ya nani?

— Ni… ni numero ya ordinatere, ya kompyuta ya parokia!

— Ordinatere gani iko na numero kama ya bombe? Uko position gani?

Rodrigue akazima. Tukakaa chini ya meza wote watatu, na Mama Emérance na miaka yake hamsini na sita! Hakuna aliyekuja. Tulipotoka chini ya meza, hatukuweza kutazamana bila kucheka. Jioni Gauthier akaita: amepata namba yote. Disketi itakuja na Mama Valérie, mfanyabiashara wa vitambaa, yuko Aru wiki hii.

Jumamosi, 19 Julai

Kuwasha kwa kwanza: dakika ishirini na mbili. Kwa pili: tisa. Kwa tatu: nne. Inazidi kuchoka. Rodrigue anasema ni ile alama. Nami naitazama alama, inanitazama.

Majina mia nne na themanini tayari. Mama Emérance anasema ikishindikana tutaandika kwa mkono. Nakala tatu, majina mia saba, na mwandiko wake ule! Fifi hatajitambua.

Jumatatu, 21 Julai

Mama Valérie amefika! Vumbi mpaka kwenye kope. Barrière kumi na moja, vizuizi vya barabarani, amesema, na kila moja wanataka kitu kinachong'aa.

— Njo nikaficha disketi yenu mu radio, ndani kabisa, kwa haut-parleur. Hawakuona!

Rodrigue alishika kichwa. Kwenye haut-parleur, spika yenyewe! Kwenye sumaku! Hata mimi najua sumaku inafuta disketi. Tukaijaribu hivyo hivyo: krr, krr, krr. Tupu. Nikahisi machozi yanakuja. Mama Valérie akatutazama kama watoto wapumbavu.

— Munalia nini? Nilimuambia Gauthier afanye mbili. Miye sibebake kitu ya maana mahali moya.

Akafungua kilemba. Disketi ya pili! Nimembusu mama huyo mashavu yote mawili na paji la uso. Anataka tu tuliandike na jina la kaka yake kwenye orodha. Tumeliandika palepale.

Jumanne, 22 Julai

Alama imeondoka! Rodrigue aliiweka pilote, akawasha upya, tukafungua orodha ya vifaa — hakuna manjano! Safi kama sahani! Nimecheza. Rodrigue amecheza. Mama Emérance amepiga makofi mawili, kwake hiyo ni sherehe.

Kuna kiprogramu cha joto kilichokuwa ndani tangu mwanzo. Mpaka jana kilionyesha vistari viwili tu. Leo kikasema: 58! Tukashangilia. 63! Tukashangilia. 67, 71, kila namba ikipanda tunapiga kelele kama watu wa mpira, Rodrigue ananishika mkono, «unaona, inasema, inasema!» 75! 78!

Pu.

Nadhani tulielewa kwa pamoja, ila mimi ndiye niliyefungua kabati na kuingiza mkono chini ya kitenge. Sufuria ya mikate ya mafuta! Nimeutoa mkono huku napiga yowe.

— Haiko ugonjwa, nikasema. Ni joto. Siye njo tunaipika.

Miezi miwili! Kila siku tumemfunika blanketi mgonjwa wa homa na kufunga mlango. Alama ya manjano haikuua chochote. Ilikuwa tu mdomo uliofungwa, na ulipofunguka, neno la kwanza likawa: nitoeni humu.

Jumatano, 23 Julai

Amekataa.

Nilidhani ni jambo la dakika mbili: toa, weka mezani, fungua dirisha. Mama Emérance akasimama mbele ya kabati na mikono yake imepanuliwa.

— Haitatoka.

Nikamwambia keshokutwa ni ndege. Anajua. Nikamwambia namba zimesema zenyewe. Anajua. Tumejaribu kuacha mlango wa kabati wazi: dakika arobaini, 79, pu. Rodrigue amepepea kwa mfuniko wa chungu mpaka jasho likamtoka. Nikaomba tuondoe kitenge tu. Kitenge! Akanijibu kwa sauti ndogo:

— Kitenge hapana. Weye haukukuwa hapa ile siku, Angèle. Dirisha ilikuwa wazi, waliona masini toka barabarani. Kama wanarudia?

Nikamfokea. Mimi, kumfokea mkubwa wangu! Nimesema mdogo wangu hayumo kabatini, yuko njiani, na kwamba kama anataka kuficha kitu afiche woga wake. Alitoka. Nina aibu. Na bado nina hasira. Yamebaki majina mia moja na tisini. Rodrigue amenipa nusu ya hindi lake la kuchoma, tukala.

Alhamisi, 24 Julai

Siamini. Nimeingia saa mbili asubuhi, ofisi ina mwanga mpaka nikadhani nimekosea mlango. Dirisha wazi. Na mashine mezani! Uchi! Mama ameibeba peke yake, na mgongo wake ule unaouma.

Mama Emérance alikuwa amekaa pembeni, kitenge kimekunjwa magotini. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza kwa kunipa karatasi. Ni fomu yetu, imejazwa kwa mwandiko wake ule mbaya.

— Andika na huyu.

Denise, miaka kumi na tisa. Anatafutwa na mama yake. Nilijua ana binti, nilidhani yuko Kampala kwa shangazi. Miezi miwili mama huyu amejaza karatasi za watu mia saba, ya mtoto wake hakuijaza!

— Kitenge ni yake, akasema. Niliona nikimuandika ni kama nimekubali amepotea.

Nimeandika. Herufi zilikuwa zinaogelea machoni. Nikamuuliza mara tatu kama tarehe ni sahihi ili tu nipate muda wa kufuta pua.

Halafu — joto: 44. Baada ya saa moja: 46. Baada ya saa tatu: 46! Saa tano nzima bila kuzima! Feni inaimba, watu wanapita barabarani wanatuona, mmoja amepunga mkono. Nimechapa mpaka vidole havina hisia. Jina la mwisho saa kumi na moja na robo. Majina 731! Nimepiga kelele, Rodrigue amekuja mbio na kunikumbatia. Bisibisi imenichoma shavu. Sijali kabisa. Jioni mashine imelala palepale mezani, na Mama Emérance amelala kwenye benchi karibu nayo.

Denise na Fifi wako ukurasa mmoja. Majina ya ukoo yote mawili yanaanza na U, mistari minne kati yao.

Ijumaa, 25 Julai

Saa saba na nusu mchana. Tunachapisha nakala ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka, lakini dereva atakayezipeleka uwanja wa ndege amezikataa: wino hafifu, hazisomeki ukutani. Nikamwita jina ambalo sitaliandika. Utepe mpya, tunaanza upya; ikitoka hii moja, nyingine watanakili Beni. Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto unashika karatasi isijikunje. Printa inapiga kelele kama cherehani. Tuko herufi H. Joto 47. Nina furaha ya kijinga, naongea na herufi!

K. Rodrigue anaimba.

M. Dereva nje, injini haizimi.

Milio ya risasi! Mitatu. Barabarani wanakimbia. Rodrigue amefunga mlango. Wote tumegeuka kutazama kabati. Liko wazi, tupu, makanzu yamekaa upande.

Mingine miwili. Rodrigue anasema mbali, upande wa soko. Anasema mbali, lakini haimbi tena.

Mama Emérance amesimama. Mkono uko kwenye plagi. R. Siwezi kusema chochote, juzi nilisema mengi.

— Iko ngapi? ameuliza.

— Cinquante et un, Mama, nimejibu. Hamsini na moja.

Ameuacha waya. Amekikunjua kitenge — nikadhani anaifunika mashine. Anaipepea! Ameshika pembe mbili na kupepea, dirisha bado wazi.

Honi. Dereva anapaza sauti kwamba anaenda sasa hivi. «Ungojee!» Mama Emérance kamkaripia kupitia dirisha, hata Rodrigue ameruka.

S. Joto 50. Limeshuka!

T. Akina T ni wengi, jamani, wote walikimbia hawa? Honi. Anapepea. Mlio mmoja tena, au ni mlango. Anapepea. Naiona U ya kwanza, inatoka! Naacha kalamu: mikono yote miwili ishike karatasi mpaka Z, kisha mbio kwa dereva.