Aliyefunga Akae Chini Yake

Jumatatu, 3 Machi

Nimenyang'anywa kazi! Mwenye ukumbi kanipigia asubuhi, sauti ya asali. Eti spika mpya za juu hatanifungisha mimi tena, kampa mtu wa familia yangu mwenyewe, kwa hiyo nisijisikie vibaya. Mtu wa familia! Mume wa dada yangu! Bwana Tayari — ndivyo ninavyomwita, maana kwake kila kitu ni tayari kabla hajakianza. Mwaka jana alikuwa anauza mapazia. Juzi mpiga picha. Leo fundi wa spika. Kesho atapasua watu matumbo — tayari!

Haya. Mimi na ngazi yangu tupumzike.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda ukumbini kuchukua ngazi na minyororo yangu. Nikainua macho — Mungu wangu! Spika zote zinaning'inia kwa mikono. Ile mikono ya plastiki ya kubebea! Mkono ule umewekwa ili mtu atoe spika garini aipeleke jukwaani, basi. Umeshikwa na viskrubu. Mahali pa bolti za kuning'inizia papo, mgongoni mwa spika, na vifuniko vyake hata hakuvigusa. Mnyororo wa pili, wa kuidaka spika ule wa kwanza ukikatika, hakuna kabisa.

Bwana Tayari alikuwa pale pale; nikamuuliza, shem, mnyororo wa pili uko wapi? Akacheka. Eti unaharibu sura ya ukumbi. Sura! Nikamwambia sisi wa kazi hii tuna sheria moja: aliyefunga anakaa chini yake kwanza, muziki ukipigwa kwa nguvu zote. Lete kiti ukae. Eti ana simu ya kupokea. Akatoka nje, hakurudi.

Nikamwendea mwenye ukumbi. Akanipigapiga begani. Anaelewa, eti, kunyang'anywa kazi kunauma. Pumbavu.

Alhamisi, 6 Machi

Jumamosi ndiyo ufunguzi. Mkwe mpendwa kampangia mama kiti cha mbele, chini kabisa ya spika ya kushoto! Gauni limeshashonwa.

Nikamweleza yote. Mama anaijua sheria yetu, zamani alikuwa akiniletea chai nikiwa nimekaa chini ya spika, ananicheka: kazi gani hii ya kukaa kitini? Leo alinisikiliza huku anachagua mawe kwenye mchele. Kisha akaanza kunihesabia. Nilisema uzio wa mkwe wake utaanguka, umesimama. Nilisema rafu aliyomwekea jikoni itawamwagia watu sufuria, inabeba mpaka leo. Nilisema hata ndoa yao haifiki mwaka. Wewe mwanangu, akasema, hata mvua ikinyesha unaisema.

Rafu yenyewe imepinda. Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa chenyewe ni cha mama. Naogopa.

Ijumaa, 7 Machi

Wamejaribu muziki, kidogo tu, wa kubembelezea mtoto. Nilipita walipomaliza. Juu ya kiti cha mama nimekuta skrubu. Nyeusi, fupi, ya mkono wa spika, siwezi kuikosea.

Nikamwonyesha dada. Eti jengo jipya halikosi skrubu sakafuni. Sakafuni! Nimeiokota kitini! Nikaomba nipande nifunge minyororo yangu mwenyewe, bure. Mlinzi akasema Bwana Tayari ameagiza ngazi yangu isivuke mlango. Kiburi cha kushiba hicho.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika hapa hapa ukumbini, daftari gotini. Nimekaa kiti cha pembeni ya mama. Nimemvuta, kakataa. Nimesema naumwa tumbo, anitoe nje. Kasema niache maigizo mbele za watu. Nikipiga kelele watanitoa mimi, yeye abaki. Basi nakaa naye. Liwalo na liwe.

Bwana Tayari yuko kule mlangoni, suti ya kung'aa, anapunga mikono. Hata hatua moja huku mbele hajakanyaga tangu asubuhi.

Mama kaniuliza, una nini humo mkononi? Nimempa skrubu. Kaigeuzageuza. Kaangalia juu, sana. Kasimama na gauni lake, kaita kwa sauti ya upole ile anayomwitia mkwe wake peke yake: "Baba, njoo! Siku yako hii. Njoo ukae kwenye kiti changu."

Watu wakapiga makofi. Bwana Tayari akacheka, akasema hapana, mama, kaa tu, mimi nimezoea kusimama. "Njoo, baba." Hapana, mama. Jasho linamtoka!

Mshereheshaji anasema muziki uanze. Mama hajakaa. Ameshika mgongo wa kiti, anamngoja mkwe wake.