Kutu Uliyoitia Wewe, Dada

Dada yangu Zuhura,

Salamu zikufikie huko uliko, na usinicheke kabla sijaanza. Nimekaa kuandika tangu nirudi kwenye sala ya Ijumaa na nimeshainuka mara nne: kufunga dirisha, kulifungua, kuchemsha chai, kuiacha ipoe. Wanijua. Ulikuwa ukisema kiti changu kina siafu. Leo siafu ni wa kweli, maana kesho asubuhi nitasimama mbele ya watu niwafundishe kitu nisichokijua, na wa kulaumiwa ni mimi.

Barua yenyewe naiandika wazi, asome anayetaka. Uongo niliusema mbele za watu, sioni vipi niusahihishe chumbani.

Wakumbuka behewa la kwanza? Daktari aliniambia nitafute kazi ya kunituliza, nikaanza kuunda mabehewa madogo ya mizigo kwa mbao nyembamba na maboksi ya fremu za miwani, kila moja la kutosha kiganjani. La kwanza nikalipaka rangi ya kijivu, nikapanda ngazi zako Kibokoni nikitaraji sifa. Ulikuwa unampaka hina bi harusi. Ukalitupia jicho moja.

"Zuri. Limetoka dukani leo?"

"Nimeliunda mwenyewe."

"Maskini. Halijawahi kwenda popote hili. Halijabeba hata gunia."

Bi harusi alicheka mpaka ukamkemea asikutikisie mkono. Mimi nikarudi nyumbani na hasira zangu, nikachukua sponji na rangi ya hudhurungi, nikalichovyachovya behewa zima. Nilipokuletea tena, hukuchelewa: "Hiyo si kutu. Hiyo surua."

Kesho yake ukavaa buibui ukaniburuta mpaka Mbaraki, palipokuwa na mabehewa mawili makuukuu yamesahauliwa kando ya reli. Askari wa langoni akauliza, "Mama, mwatafuta nini?"

"Twatafuta kutu."

"Ya kununua?"

"Ya kutazama, baba."

Akatufungulia, nadhani kwa huruma. Ukapitisha kidole kwenye bati kama unavyopitisha kwenye mkono wa mteja kabla ya kuanza. "Waona? Haienei ovyo. Huanzia kwenye msumari, maji yanapoingia, kisha hulia kwenda chini. Na hapo mlangoni, mikono ya wapakiaji imepasugua, haishiki kabisa." Mimi fundi miwani, riziki yangu ni macho ya watu, na siku hiyo ndiyo kwanza nilitazama.

Wanawake wote wa Mji wa Kale wanajua hina ikidondokea ukutani haitoki tena. Wewe peke yako ndiye uliyeona faida yake. Iliyobaki kwenye koni uliizimua kwa maji ya ndimu, ukaichora kutoka kila msumari, mstari mwembamba kuliko unyusi, ukaiacha ishike, kisha ukaikwangua. Piko, ile hina nyeusi, ukaipaka kwenye magurudumu ikawa mafuta machafu. Jivu la chetezo ukalichuja kwa mtandio juu ya paa ikawa vumbi la safari. Nyumba nzima ilinukia udi na harusi, na mezani behewa lilikuwa limezeeka kwa miaka arobaini.

"Hawa ndio wateja," ulisema. "Hawalalamiki mkono kufa ganzi."

Ulinifanyia saba hivyo. Kazi yangu ilikuwa kuunda, kuleta, na kuzungukazunguka nyuma yako mpaka unitume dukani ili upate kupumua.

La saba ulilifanya ukiwa mgonjwa. Mkono ulikuwa umeanza kutetemeka na wateja ulishawaaga. Nilikwambia lisubiri upone. Ukanitazama kwa lile jicho lako. "Kwa bi harusi mkono huu haufai tena. Kwa kutu ndio umeiva." Na kweli, mistari ya behewa lile haikunyooka, ilijikunja kama maji yanavyojikunja kwenye bati. Ndilo zuri kuliko yote.

Sasa nisikilize, na usinikatize. Wiki mbili zilizopita kulikuwa na maonyesho ya kazi za mikono katika ukumbi mmoja Ganjoni. Nikayapanga saba yote mezani. Akaja mzee mmoja aliyestaafu reli, akavaa miwani, akaliinua lile la mwisho, akaligeuza mpaka nikaona jicho lake limejaa.

"Nani aliyetia kutu hii?"

"Mimi."

Hilo tu. Mzee akaita wenzake. "Njooni mwone, huyu bwana amekaa na mabehewa huyu!" Wenye ukumbi wakaja, wakaniomba Jumamosi nije nifundishe. Nikakubali, Dada, nikitabasamu. Na aliyesimama ubavuni kwangu, ameshika sahani ya mkate wa sinia, ni Rukia binti yako. Watu walipotawanyika alinikatia kipande akasema, "Hongera, Mjomba."

Najitetea moyoni kwamba kusema "dada yangu" kungeleta swali "yuko wapi?", na jibu lake sijawahi kulitamka mbele ya mgeni. Ni kweli. Lakini nikiishia hapo nitakuwa naongeza uongo mwingine. Nilifurahia. Kwa muda wa kama kunywa kikombe cha kahawa nilikuwa mtu mwenye mkono kama wako, na nilipenda.

Tangu siku hiyo sikai. Nimejaribu behewa la nane mara tatu, na hina, na ndimu, na jivu. La kwanza lilionekana limemwagiwa ukwaju. La pili sitaki kulisema. La tatu nilitoka nalo mkononi nikatembea mpaka Makupa kulinganisha na malori, dereva mmoja akaniuliza kama nimepoteza mtoto. Dukani nimemfungia mteja kioo cha kulia upande wa kushoto.

Jana nikamwendea Rukia. Alikuwa anakanda hina. Nikaanza na joto, nikaja kwenye foleni za barabarani, nikarudi kwenye joto.

"Mjomba, kaa. Wanitia kizunguzungu."

Nikakaa. "Rukia, siku ile ukumbini..."

"Nilisikia."

"Mbona hukusema kitu?"

Hakuinua kichwa. "Mama aliniusia. Alisema, 'Mjomba wako siku moja ataulizwa, na atasema ni yeye. Usimuumbue. Mwache mpaka achoke mwenyewe.'"

Nilicheka, kisha kicheko kikanigeuka nikalazimika kutazama dirishani. Kumbe ulipokuwa ukilitia kutu lile la saba, mkono ukitetemeka, ulishajua nitakachokufanyia. Na hukupunguza hata tone.

Rukia akaniuliza sasa Jumamosi itakuwaje. Nikamwambia nitasimama, nitasema jina lako, na lile neno "marehemu" nitalitamka hata kama sauti itakatika. Mzee wa reli nimemwomba aje. Baada ya hapo koni ya hina ataishika Rukia, kama atakubali, na mimi nitaketi na wanafunzi.

"Utaketi?" akasema. "Hilo nije nilione."

Mungu akulaze pema, Dada. Chai imepoa, na siendi kuipasha. Nimechoka.

Nduguyo mdogo